Sauti ya Mzee Ozzy Yawagawanya Mashabiki: Barua Zenu na Majibu Yetu

Tangu Ozzy Osbourne, mwimbaji wa roki wa Uingereza, afariki dunia tarehe 22 Julai 2025, akiwa na umri wa miaka 76, wasomaji wengi wa safu hii wamerudi kuisikiliza Ordinary Man, albamu aliyoitoa tarehe 21 Februari 2020 baada ya kukaa miaka 10 bila kutoa albamu yake mwenyewe. Katika toleo lililopita tuliitaja kwa sentensi mbili tu, na sentensi hizo zilitosha kutuletea barua zinazopingana vikali. Wapo wanaoiita kurudi kwa heshima kwa mwimbaji aliyedhaniwa amekwisha, na wapo wanaosema kilichorudi ni jina lake tu juu ya jalada. Tumechagua barua chache na kuzifupisha pale ilipobidi. Majina ya waandishi hatukuyaweka.

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni kikundi kidogo cha marafiki tuliozoea kusikiliza roki pamoja tangu enzi za kaseti. Tulipoisikiliza Ordinary Man tuligawanyika mafungu mawili. Sisi wa fungu la kwanza tunasema sauti ile imenyooshwa na mashine hadi ikawa ya mtu mwingine, na kwamba mzee wa miaka 71 mwenye maradhi hawezi kuimba vile. Wenzetu wanatuambia kwamba tumezeeka sisi, si yeye. Tuamulie tafadhali: anayeimba ni Ozzy au ni kompyuta? (Mwalimu wa sekondari, Jinja)

JIBU: Mwalimu, anayeimba ni Ozzy, na hilo halina shaka. Lakini ndani ya swali lako limo swali jingine lililo gumu zaidi, nalo ni hili: studio imeigusa sauti yake kiasi gani, na kuguswa huko kumeisaidia au kumeidhuru? Katika hilo kila fungu la kikundi chenu lina hoja inayostahili kusikilizwa.

Tuanze na historia, kwa sababu anayedai kwamba zamani Ozzy aliimba bila msaada wa mitambo amesahau alichokuwa akikisikia kwenye kaseti zile. Katika Paranoid, albamu ya pili ya Black Sabbath, bendi aliyoanza kuvuma nayo, iliyotoka mwaka 1970, upo wimbo wa polepole uitwao Planet Caravan ambamo sauti yake ilipitishwa katika spika ya Leslie, yaani kabati lenye spika inayozunguka lililobuniwa kwa ajili ya vinanda vya Hammond, ndiyo maana anasikika kana kwamba anaimbia chini ya maji. Zaidi ya hapo, kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya muziki Ozzy alikuwa na desturi ya kuuimba mstari uleule mara mbili, kisha rekodi hizo mbili zikalazwa moja juu ya nyingine. Kwa kuwa hakuna binadamu awezaye kuimba mara mbili sawasawa kabisa, tofauti ndogo kati ya rekodi ya kwanza na ya pili huipa sauti unene na makali ambayo koo moja halina. Ule mlio wa juu, unaotokea puani kidogo, ambao sote tuliujua kuwa ndio Ozzy, kwa kiasi fulani ulitengenezwa studioni tangu mwanzo, nasi tuliupenda hivyo hivyo.

Kilichobadilika ni aina ya chombo. Programu ya Auto-Tune iliingia sokoni mwaka 1997, na mwaka uliofuata ulimwengu wote uliisikia katika wimbo wa Cher uitwao Believe. Programu ya namna hiyo huipima sauti ya mwimbaji, huitambua noti iliyo karibu nayo, kisha huivuta sauti hadi ikae juu ya noti hiyo. Ikivutwa taratibu, msikilizaji hatambui kitu. Ikivutwa papo hapo, ule mteremko wa asili unaoiunganisha noti moja na nyingine hutoweka, na mtetemo wa koo hutoweka pamoja nao. Mimi ninapoisikiliza Ordinary Man, katika nyimbo zake za kasi nasikia sauti iliyonyooka kupita kiasi, na juu ya hayo nasikia gita, besi na dramu vikiwa vimesukumwa vyote mbele kwa nguvu moja, hata mwimbaji akawa hana mahali pa kurudi nyuma ili apumue. Hapo fungu lako, Mwalimu, lina haki kabisa.

Ila nawaomba mfanye jambo moja kabla ya kufunga shauri. Acheni spika ya simu, tafuteni vipokea sauti vizuri vya masikioni au redio yenye spika zinazoaminika, mpige wimbo uliobeba jina la albamu. Piano inatangulia. Ozzy anaingia kwa sauti ya chini, karibu mno na kipaza sauti, na mwishoni mwa mistari unasikia mkwaruzo wa koo la mtu aliyekwisha kuimba kwa nusu karne. Katika ubeti wa pili anaingia Elton John, aliyezaliwa mwaka 1947, mwaka mmoja kabla ya Ozzy, na sauti yake imekuwa nzito kwa umri, tofauti kabisa na ile ya ujana wake. Baadaye gita la Slash, mpiga gita wa Guns N' Roses, linapanda juu ya vinanda. Wazee wawili Waingereza wanaimba kuhusu maisha waliyoyaishi, mmoja wao akisema kwamba hataki kufa akiwa mtu wa kawaida, na mtayarishaji amekuwa na busara ya kuuacha uzee usikike. Katika wimbo ule sijasikia mtu yeyote, wa fungu lolote, akiuliza kama anayeimba ni kompyuta.

Hapo ndipo ninaposimama mimi. Albamu hii inashinda pale inapomwacha mzee awe mzee, na inapungua pale inapomvika ujana. Wapenzi wa kadongo kamu hapa kwetu wanalielewa jambo hili bila kufundishwa, kwa maana katika muziki ule wa gita moja na msimuliaji mmoja hakuna anayemtaka mwimbaji alainishe koo lake, anatakiwa aaminike. Kikundi chenu kingebishana kwa faida zaidi kama kingechukua wimbo mmoja mmoja na kuuliza: hapa mzee ameachwa, au amefunikwa? Naamini mtakuta kwamba mafungu yenu mawili yanakubaliana kuhusu nyimbo nyingi kuliko mnavyodhani.

SWALI: Mimi nimemfuata Ozzy tangu nilipokuwa kijana, na kwangu mpiga gita wake ni Zakk Wylde. Kwa nini alimwacha na kumkabidhi kazi kijana wa nyimbo za pop? Wengi wetu tunaona kwamba alituuza ili apate wasikilizaji wa watoto wetu. (Fundi umeme, Gulu)

JIBU: Uchungu wako naufahamu, kwa sababu gita la Zakk Wylde, pamoja na namna yake ya kuifinya noti hadi ilie, lilikuwa nusu ya utambulisho wa Ozzy tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Lakini hata Scream, albamu ya mwaka 2010 iliyoitangulia hii, haikuwa na Zakk. Aliyepiga gita humo ni Gus G kutoka Ugiriki. Kwa hiyo Ordinary Man haikuwa albamu ya kwanza kumkosa Zakk. 

Anayeitwa kijana wa pop ni Andrew Watt, aliyezaliwa mwaka 1990, ambaye kweli alijulikana kwanza kwa kazi alizofanya na waimbaji kama Post Malone na Camila Cabello. Habari ya kukutana kwao inajulikana: binti yake Ozzy, Kelly, alimletea baba yake ombi la kuimba katika wimbo wa Post Malone, na mzee akauliza huyo Post Malone ni nani. Wimbo ukarekodiwa, ukaitwa Take What You Want, na baada ya hapo Watt akapendekeza watengeneze albamu nzima. Watt mwenyewe alishika gita, akamwita Duff McKagan wa Guns N' Roses kwenye besi na Chad Smith wa Red Hot Chili Peppers kwenye dramu, na nyimbo zikakamilika kwa muda wa wiki chache tu. Hao ni watu wa roki, ndugu yangu, na wanapiga kama watu wa roki.

Tena tukumbuke desturi ya Ozzy mwenyewe. Alipofukuzwa Black Sabbath mwaka 1979, watu wakidhani habari yake imekwisha, alimchukua mpiga gita aitwaye Randy Rhoads ambaye karibu hakuna aliyemjua nje ya Marekani. Walirekodi pamoja Blizzard of Ozz mwaka 1980, Rhoads akiwa na miaka 23. Rhoads alipokufa katika ajali ya ndege tarehe 19 Machi 1982, mashabiki walisema hakuna atakayeziba pengo lile. Akaja Jake E. Lee, akanung'unikiwa. Akaja Zakk, kijana wa miaka 20 hivi, naye akanung'unikiwa na wale waliokuwa wamekwisha kumzoea Jake. Wewe ulimpokea Zakk kwa sababu wewe mwenyewe ulikuwa kijana wakati huo. Hata Black Sabbath iliporudi mwaka 2013 na albamu iitwayo 13, mashabiki waligombana kwa sababu dramu zilipigwa na Brad Wilk badala ya Bill Ward, mpiga dramu wao wa tangu mwanzo, na ugomvi huo haujaisha hadi leo.

Nitakachokubaliana nawe ni hiki: mpiga gita wa kudumu humjibu mwimbaji, humpinga, humsukuma, na katika albamu hii gita la Watt linamsindikiza Ozzy bila kumpinga hata mara moja. Ni gita la mtu anayempenda sana mwimbaji wake, na upendo huo umemfanya awe mpole kuliko inavyofaa. Lakini kusema kwamba mzee aliwauza ni kumkosea. Mtu ambaye hawezi kusimama vizuri kwa sababu ya uti wa mgongo, akaletewa nafasi ya kuimba tena, akaipokea, hajamuuza yeyote.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Nilimfahamu Ozzy kupitia wimbo wa Post Malone, kisha nikaipenda Ordinary Man yote. Mjomba wangu, ambaye ana sahani za santuri za Black Sabbath, husema kwamba watu kama mimi si mashabiki, ni wapita njia. Je, ni kosa kuingia kupitia mlango huu? (Msichana, Kampala)

JIBU: Marahaba, binti. Si kosa hata kidogo, na nitakupa hoja ya kumpelekea mjomba kwa adabu zote. Take What You Want, ambamo pia yumo Travis Scott, ilifika nafasi ya 8 katika orodha ya nyimbo 100 za Billboard mwaka 2019. Kabla ya hapo, mara ya mwisho Ozzy kuingia katika nafasi 10 za juu za orodha hiyo ilikuwa mwaka 1989, alipoimba na Lita Ford. Miaka 30 ilipita katikati. Wewe ni mmoja wa wale ambao mlango ule uliwafungukia, na mlango huo aliufungua Ozzy mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe.

Mjomba naye usimpuuze. Anayoyajua yatakusaidia kuisikia albamu yako vizuri zaidi. Mwombe akupigie albamu ya kwanza ya Black Sabbath, iliyotoka tarehe 13 Februari 1970, halafu Master of Reality ya mwaka 1971, ambapo Tony Iommi alizilegeza nyuzi za gita lake hadi mlio ukashuka chini kuliko ilivyokuwa kawaida. Iommi alipoteza ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia kiwandani akiwa kijana, akajitengenezea vifuniko vya plastiki ili aweze kubana nyuzi, na nyuzi zilizolegea hazikumuumiza sana. Mlio mzito unaousikia leo katika bendi za hevi metali kila pembe ya dunia, pamoja na Vale of Amonition ya hapa hapa Kampala, unatokana kwa sehemu kubwa na mkono ule uliojeruhiwa. Ukishayasikia hayo, rudi kwenye Ordinary Man, nawe utatambua mara moja ni wapi Watt anajaribu kumrudisha mzee katika nchi ile.

Bendi ya Afrigo imekuwako tangu mwaka 1975, na katika maonyesho yake huwaona watu wa rika la mwanzilishi wake, Moses Matovu, wakicheza sakafu moja na vijana wa rika lako, wala hakuna anayesimama mlangoni kuuliza mtu alianza kuisikiliza mwaka gani. Mashabiki wa roki tungefanya vema kuiga hilo.

SWALI: Kwangu tatizo si sauti. Tatizo ni kwamba albamu nzima inajirudia. Kila wimbo una kipande nilichokwisha kukisikia. Hii ni albamu mpya au ni ukumbusho? (Mfanyabiashara, Mbarara)

JIBU: Umesikia vizuri. Straight to Hell inaanza kwa kwaya kisha Ozzy anapaza ule wito wake ambao kila mpenzi wa Sweet Leaf, wimbo wa Black Sabbath wa mwaka 1971, anaujua. Goodbye inaingia kwa mapigo ya dramu mazito na ya polepole yanayoikumbusha Iron Man, wimbo mwingine wa Black Sabbath. Eat Me inafunguliwa na harmonika, chombo ambacho Ozzy alikipiga katika albamu ya kwanza kabisa ya Black Sabbath. Hakuna bahati nasibu hapo. Watt ni shabiki, naye ameacha alama za ushabiki wake kila mahali, nyingine zikiwa nyingi kupita haja. Kama angenikubalia ningemshauri apunguze nusu.

Lakini ipo moja ambayo nisingeiondoa. It's a Raid, wimbo wa kasi anaouimba na Post Malone, unasimulia kisa cha kweli cha mwaka 1972, wakati Black Sabbath walipokuwa wamepanga nyumba huko Bel Air, Los Angeles, wakitengeneza albamu yao Vol. 4. Nyumba ilikuwa imejaa dawa za kulevya, Ozzy akabonyeza kitufe ukutani akidhani ni cha kipoza hewa, kumbe ni cha kuita polisi. Huo si mwangwi wa wimbo wa zamani. Ni mzee anayesimulia ujinga wa ujana wake kwa mtu mwenye umri wa kuwa mjukuu wake, na kwa wimbo huo mmoja kumbukumbu imekuwa jambo jipya.

SWALI: Mimi ni muuguzi, na ninawahudumia wazee wenye maradhi ya neva. Nilipoisikiliza albamu hii nilikosa raha. Najua Parkinson inavyoishika sauti. Je, ilikuwa haki kumrekodi mtu katika hali ile na kuiuza sauti yake? Mume wangu anasema ninaharibu muziki kwa kuleta hospitali sebuleni. (Fort Portal)

JIBU: Dada, barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na naiona kuwa ndiyo iliyogusa kiini cha ugomvi wote huu. Mume wako asikukataze kusikia kile ambacho masikio yako yamefundishwa kukisikia.

Tuliweke jambo katika mpangilio wake. Mapema mwaka 2019 Ozzy alianguka nyumbani kwake, na kuanguka huko kuliamsha majeraha ya ajali ya mwaka 2003, alipopinduka na pikipiki ya magurudumu manne. Alifanyiwa upasuaji wa shingo na uti wa mgongo, ziara yake ikaahirishwa. Albamu ilirekodiwa katika mwaka huo huo. Mwezi Januari 2020, wiki chache kabla haijatoka, alijitokeza katika televisheni ya Marekani akaeleza kwamba ana Parkinson. Kwa hiyo wasikilizaji wake waliipokea albamu huku tayari wanajua, na nadhani hilo lilichangia sana kuwagawanya: wengine walisikiliza kwa huruma hata wakashindwa kuona kasoro zake, wengine wakaogopa huruma hiyo hata wakawa wakali kuliko walivyostahili kuwa.

Unavyojua wewe kuliko mimi, maradhi haya huweza kuipunguzia sauti nguvu, kuifanya iwe ya namna moja isiyopanda wala kushuka, na kuyafanya maneno yasitamkike vizuri. Mtayarishaji anayempokea mtu wa namna hiyo studioni ana njia mbili: aitumie mitambo kurudisha kile kilichopotea, au akiache kilichobaki kisikike chenyewe. Njia ya pili ndiyo aliyoichukua Rick Rubin, mtayarishaji yule yule wa 13 ya Black Sabbath, alipomrekodi Johnny Cash katika miaka yake ya mwisho. Katika albamu ya mwaka 2002, iliyotoka chini ya mwaka mmoja kabla ya kifo cha Cash, sauti imekauka, inatetemeka, na imewekwa mbele kabisa bila pazia, na wasikilizaji ambao hawakuwahi kumjali walitoa machozi. Natamani Watt angethubutu hivyo katika nusu nyingine ya Ordinary Man.

Kuhusu haki, mimi napima kwa jambo moja: je, mgonjwa mwenyewe alitaka? Ozzy alitaka. Alieleza hadharani kwamba kazi ile ilimtoa katika huzuni na maumivu yaliyokuwa yamemfunga nyumbani. Sisi Waganda hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa mtu aliyeamua kuimba maradhi yake kwa hiari. Philly Lutaaya aliporudi kutoka Uswidi na kutangaza mwaka 1989 kwamba ana virusi vya UKIMWI, wapo waliomshutumu kwamba anatafuta kuuza muziki wake. Yeye akaendelea kuimba na kuzunguka mashuleni na makanisani huku mwili unamwisha, hadi alipofariki mwezi Desemba mwaka huo huo. Leo hakuna anayekumbuka shutuma zile kwa fahari. Sauti yake ya mwisho haikuwa ya starehe, na haikukusudiwa kuwa ya starehe.

Nakuomba urudi kwenye wimbo Goodbye na uusikilize hadi mwisho kabisa. Baada ya mazungumzo yote ya kifo na toharani, Ozzy anauliza kama huko mbinguni chai inauzwa. Wewe unayeishi kati ya mashamba ya chai utalisikia swali hilo kama anavyolisikia Mwingereza wa Aston, mtaa wa wafanyakazi wa viwanda huko Birmingham alikokulia. Hapo haimbi mgonjwa aliyeletwa studioni kwa nguvu. Anayeongea ni mtu mwenye akili timamu, anayekitazama kifo chake na kuuliza habari ya kikombe chake cha kila siku.

Na kama umeona picha za tarehe 5 Julai 2025, katika uwanja wa Villa Park ulioko hapo hapo Aston, umekwisha kupata sehemu ya jibu. Aliimba akiwa ameketi katika kiti kikubwa cheusi, kwa maana miguu haikuweza tena, na alipoimba Mama, I'm Coming Home sauti ilimkatika waziwazi mbele ya maelfu ya watu. Wao wakaupokea mstari na kuuimba pamoja naye. Mapato ya onyesho hilo yaliahidiwa shirika la utafiti wa Parkinson pamoja na hospitali na hospisi za watoto. Siku 17 baadaye alifariki. Sikuwasikia wale waliokuwa wakiilaumu Ordinary Man wakilaumu sauti ya siku ile, ingawa ilikuwa dhaifu kuliko yoyote iliyomo katika albamu. Hilo linanithibitishia kwamba hawakuuchukia uzee wake hata siku moja. Walichokichukia ni kufichwa uzee huo.

SWALI: Nilikuwa miongoni mwa waliokasirika mwaka 2020, na nikaapa kutosikiliza tena kazi mpya ya Ozzy. Sasa amefariki, na nasikia kwamba alitoa nyingine baada ya hapo. Je, niisikilize, au nitakasirika tena? (Dereva wa lori, Arua)

JIBU: Isikilize, kaka. Inaitwa Patient Number 9, ilitoka tarehe 9 Septemba 2022, na mtayarishaji ni yule yule Andrew Watt, kwa hiyo baadhi ya mambo yaliyokuudhi utayakuta tena, hasa namna vyombo vyote vinavyosukumwa mbele kwa pamoja. Tofauti kubwa iko kwenye magita. Tony Iommi anapiga katika nyimbo mbili, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika albamu yoyote ya Ozzy peke yake tangu waachane mwaka 1979. Wamo pia Eric Clapton na Jeff Beck, ambaye alifariki miezi minne tu baadaye. Na yule fundi wa Gulu afurahi pamoja nawe, kwa sababu Zakk Wylde amerudi katika nyimbo nne. Mwezi Februari 2023 albamu hiyo ilipata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya roki, na Degradation Rules, mmojawapo wa nyimbo alizopiga Iommi, ikapata tuzo ya utumbuizaji bora wa metali.

Usianzie mwanzo wa albamu. Anza na No Escape from Now, ambao ni wa polepole katika sehemu yake ya kwanza, Iommi akiingia baadaye na gita zito kabisa, kisha uende Degradation Rules, ambamo utaisikia tena ile harmonika. Ukikuta kwamba nyimbo hizo mbili zimekushika, rudi kwenye wimbo wa kwanza na uifuate albamu yote hadi mwisho. Zisipokushika, Blizzard of Ozz bado ipo, na hakuna atakayekulaumu kwa kubaki nayo.